Kompyuta kuukuu, kurasa zinazojikokota: ununue nini kwanza?

Shemeji yangu wa Kondele alikuwa akiongeza bando kila wiki kwa sababu laptopu yake ilifungua kurasa kwa kusuasua. Jumamosi moja tukafungua gazeti lilelile kwenye simu na kwenye laptopu, Wi-Fi ikiwa moja. Simu ilimaliza kabla laptopu haijaonyesha hata picha ya kwanza, na taa ya diski ilikuwa imewaka bila kupepesa. Bando halikuwa na kosa.

Ukurasa wa siku hizi huja na mzigo wa JavaScript, yaani programu ndogondogo za ndani ya ukurasa, ambao prosesa yako (ubongo wa kompyuta) lazima iuendeshe ndipo maandishi na picha vikae mahali pake. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, fungua kurasa tatu, uangalie kipi kinapanda juu kabisa: memori, diski au prosesa.

1. RAM, yaani ile memori. Mafundi wengi watakuuzia SSD kwanza, diski ya kisasa iliyo na kasi zaidi. Mimi napinga. Ukiwa na GB 4, memori ikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na ile taa ya shemeji ndiyo hiyo. Fika GB 8. Chomoa kipande kilichomo uende nacho dukani: mashine nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, kama HP EliteBook 840 G1, zinataka chenye maandishi PC3L. Cha PC3 kinaweza kuingia vizuri kabisa na mashine isiwake.

2. SSD. Kompyuta itawaka upesi na programu zitafunguka mara moja. Ila prosesa ikiwa ndiyo iliyofika asilimia 100, ukurasa mzito utabaki mzito.

3. Laptopu nyingine, ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza. Kama yako ina prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, usiitie hata shilingi, anzia hapa. Dukani utaambiwa "hii ni i5" kana kwamba hilo linatosha. Soma namba inayofuata: i5-4300U ni kizazi cha nne, i5-8250U cha nane. Yenye tarakimu tatu tu, mfano i5-520M, ni ya kizazi cha kwanza. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi, kwa hiyo mwenye uwezo aanzie hapo. Asiye nao achukue cha sita aweke Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure.

4. Bando kubwa zaidi. La mwisho kabisa.

Cha bure pia kipo: kivinjari cha Firefox chenye kiongezi cha uBlock Origin. Matangazo yakizuiwa, prosesa inapumua. Waliobaki na Windows 7 wajue Chrome iliishia toleo la 109 huko, ndiyo maana tovuti nyingine huwavunjikia.

Ukienda kununua Oginga Odinga Street hapa Kisumu, au Kenyatta Avenue ukiwa Nakuru, washa hotspot ya simu yako, uchomoe chaja, ufungue kurasa unazotumia kila siku pamoja na video moja. Ikae hivyo robo saa. Muuzaji akianza kukuharakisha, mrudishie mashine yake.