Siku sita Marsabit na Chalbi: kampuni niliyoilipa na mzee aliyetuvusha

Safari hii niliinunua Nairobi, kwa kampuni ndogo ya utalii ambayo sitaitaja: wasafiri wanne, dereva, mpishi na Land Cruiser moja, siku sita za mwezi Januari. Marsabit, kaskazini mwa Kenya, jangwa la Chalbi, Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kisha Hifadhi ya Sibiloi. Gari lilikuwa zima na mpishi alijua kazi yake. Lakini ratiba iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Chalbi, na kwa safari za kaskazini hilo ndilo swali la kuuliza kabla hujatoa hata shilingi.

Hadi Marsabit hakuna neno. Kutoka Isiolo ni lami tupu. Hifadhi ya Marsabit imekaa juu ya mlima wa volkano, msitu umefunikwa na ukungu, na alfajiri tulisimama juu ya Ziwa Paradise tukiwa tumevaa sweta. Humu ndimo alimoishi Ahmed, ndovu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970. Sanamu yake pale Makumbusho ya Nairobi nimeijua tangu shule ya msingi. Kuuona msitu wake kulinigusa sana. Kiingilio lipeni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, mkiwa bado mjini, langoni hawapokei noti.

Ukishuka mlima, sweta unaisahau. Baada ya Maikona unaingia Chalbi, sakafu ya ziwa la kale lililokauka: uwanda mweupe usio na mti, na mazigazi yanakuonyesha maji kila unakogeuka. Dereva wetu, kijana mwema aliyezoea Maasai Mara, aliona pamekauka akakata katikati. Ule weupe ni ukoko wa chumvi tu. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa kuisha na chini yake matope yalikuwa bado mabichi. Gari likazama hadi ekseli. Tulichimba kwa muda wa karibu saa nne, kwa koleo moja, tukiwa na jerikeni mbili za maji kwa watu sita. Jerikeni mbili! Kwenye ratiba waliandika kwamba maji "yatapatikana njiani".

Aliyetutoa ni mzee mmoja Mgabra aliyekuwa akipitisha ngamia wake. Alituamuru tushushe mizigo yote, tupunguze upepo kwenye matairi, tutandike maturubai nyuma ya magurudumu, kisha turudi kwa alama zetu wenyewe. "Wanangu," alituambia, "hapa hapakatwi. Panazungukwa." Ngamia akamwachia mwanawe, akapanda nasi hadi Kalacha kwenye chemchemi na mikoma, na kesho yake North Horr, mpaka Loiyangalani. Alisoma njia kwa rangi ya udongo. Pale mimi nilipoona uwanda mmoja, yeye aliona njia tatu, na mbili alizikataa. Tulichanga tukamlipa wenyewe, maana kampuni haikuwa imetenga pesa ya mwelekezi.

Loiyangalani inastahili siku mbili kamili, si usiku mmoja kama tulivyopangiwa. Upepo wa usiku unashuka kutoka Mlima Kulal kwa nguvu ya kung'oa hema, kwa hiyo chagueni banda lenye kuta. Asubuhi Ziwa Turkana lilikuwa kijani kibichi, na nyuma yake mawe meusi ya volkano. Nilikaa ukingoni nikashindwa kuondoka.

Sibiloi hatukufika. Siku yake ililiwa na matope, na kampuni ilipoombwa kurudisha sehemu ya malipo ilisema hali ya njia si jukumu lake. Nyota mbili: moja ya gari, moja ya mpishi.

Nimeanza kuweka akiba ya Sibiloi, niuone ule msitu wa miti iliyogeuka mawe na Koobi Fora, palipochimbuliwa visukuku vya binadamu wa kale. Mwezi Julai, panapo majaliwa. Gari tutakodi Marsabit kwa dereva wa huko huko, na mzee amekubali tumpitie.