Fundi wa magita Kariakoo, kanirudishia gita langu la ujanani

Jamani kama una gita limelala ndani miaka usilitupe, lipeleke kwa fundi. Mimi nina miaka 58, gita nilijifunza mwenyewe kwa kusikiliza kanda za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, narudisha kanda nyuma narudisha tena mpaka kidole kinapata, hakuna mwalimu hakuna nota. Halafu ndoa, kazi, watoto, gita likakaa juu ya kabati zaidi ya miaka 20. Nyuzi zote kutu (joto la Dar na chumvi ya bahari mnaijua), na kile kibao kinachoshika nyuzi kimeanza kunyanyuka.

Fundi hakukimbilia kutaja bei. Kalishika, kachungulia shingo kwa jicho moja kama seremala anayekagua ubao, akaniambia mzee wangu gita zima hili. Kabandika kibao upya akakibana kwa jiliwa siku mbili, kaweka nyuzi sita mpya nyepesi, unene wa namba 10, maana vidole vyangu vimelainika, kashusha nyuzi zikawa karibu na shingo, sasa hata kodi (chord) ya F, ile ngumu ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi, naibana bila maumivu. Yote 45,000 na nyuzi humo humo.

Kasoro ni kwamba aliahidi Jumanne nikalipata Ijumaa, na pale dukani kelele mno, kulijaribu vizuri ni shida. Ila nilipopiga ile solo ya zamani pale pale nikiwa nimesimama, vidole vilikumbuka, machozi yakanitoka. Nikienda tena nampelekea na la mdogo wangu.