Gari la kukodi na dereva wake, Nairobi hadi Diani: tathmini ya familia yenye watoto

Familia nyingi za Nairobi zinazopanga kwenda Pwani kwa barabara wakati wa likizo huanza kwa kuulizia bei ya gari kwa siku, na kampuni za kukodisha magari zinalijua hilo, ndiyo maana matangazo yao hutanguliza bei na kuyaacha mengine kwenye karatasi ya mkataba. Sisi tulikodi gari la abiria saba pamoja na dereva kutoka kampuni moja iliyo upande wa Barabara ya Ngong, tukasafiri na mama mkwe na watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine ambaye hajatimiza miaka miwili. Nimeitazama huduma hiyo hasa kutoka viti vya nyuma, kwa sababu huko ndiko watoto wanakokaa, na naamini huko ndiko inakopaswa kupimwa.

Gari lenyewe lilikuwa zuri. Matairi hayakuwa yamelika, tairi la akiba lilikuwa na upepo, na jeki, kizimamoto na pembetatu za kutahadharisha vilikuwa mahali pake. Kiyoyozi kilifika hadi safu ya mwisho, jambo ambalo si dogo katika safari inayoanzia kwenye baridi ya mita 1,700 hivi juu ya bahari na kuteremka siku hiyo hiyo hadi kwenye joto la ufuoni.

Kasoro kubwa ilikuwa viti vya watoto. Kampuni iliahidi viti viwili na ikaleta viwili, lakini vyote vilikuwa vya aina moja: kibandiko cha rangi ya chungwa, chenye herufi E ndani ya duara kuthibitisha kwamba kiti kimeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, kilionyesha kuwa vilitengenezwa kwa mtoto wa kilo 9 hadi 18. Mdogo alienea vizuri. Mkubwa alikuwa ameshaupita uzito huo, naye alihitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite begani na nyongani badala ya kumkata shingoni na tumboni, na kiti hicho tulikiazima kwa jirani usiku wa kuamkia safari. Najua wazazi wengi hapa mjini humpakata mtoto na kuona inatosha. Lakini gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa likisimama ghafla, hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto wa kilo 12, hata iwe ya mama yake. Kampuni inayokodishia familia magari ingetakiwa kuuliza umri na uzito wa kila mtoto kabla ya kupokea malipo.

Dereva ndiye aliyeiokoa huduma hii. Mkanda wa kiti cha kati, safu ya nyuma, ulikuwa umezama chini ya mto wa kiti. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa na vumbi na makombo ya biskuti, akaufuta, kisha akauvuta kwa nguvu mara kadhaa mpaka akaridhika kwamba unashika. Alitaka tuondoke saa kumi na moja alfajiri, akapita Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka wa 2022, hivyo tukafika Mlolongo kabla malori hayajajaa. Kwenye vilima vya Salama alikaa nyuma ya lori lililokuwa likijikokota, akavumilia honi za waliokuwa nyuma yake, na kila tulipoingia kwenye kituo cha biashara alipunguza mwendo hadi 50 kama sheria inavyotaka.

«Mama, tusingoje walie ndiyo tusimame,» aliniambia tulipokaribia Emali, na tangu hapo tulisimama kila baada ya saa mbili hivi. Kituo alichokipenda, nami nakipendekeza kwa kila mzazi, ni hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926 na lenye mizizi katika enzi za wafanyakazi wa reli. Mgeni wa dini yoyote huvua viatu, hufunika kichwa, akapewa chakula kisicho na nyama bila malipo, na anayetaka huacha sadaka. Watoto wetu, ambao kwa kawaida hugombana na sahani, walikula chapati na dengu wakaomba tena, kisha wakakimbia uani kwa usalama ambao huwezi kuupata kwenye kituo cha mafuta chenye malori yanayorudi nyuma.

Kuhusu mkataba, soma sehemu ya kilomita. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, kwa hiyo kwenda na kurudi, ukiongeza Diani na mbuga, kunapita 1,000, ilhali kikomo cha siku kilichoandikwa kilikuwa cha mtu anayezunguka mjini. Tulipolalamika, walikiondoa kwa nyongeza ya wastani. Uliza pia nani analipa malazi ya dereva na ada ya Expressway, na ni kiasi gani utatoa mfukoni mwako kabla ya bima kuanza kulipa.

Mkataba huo pia ulikataza barabara za vumbi, nasi tulikuwa tumepanga kulala Voi ili watoto waione Tsavo Mashariki. Tuliomba ruhusa kwa maandishi, tukapewa, tukaingia kwa lango la Voi hadi bwawa la Aruba, na hapo mkubwa wetu aliwaona ndovu waliojipaka udongo mwekundu akauliza ni nani aliyewapaka rangi. Ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya kidijitali wala si kwa fedha taslimu, kwa hiyo ilipe ukiwa bado na mtandao mzuri.

Siku ya pili dereva alikatia Miritini akafuata barabara ya Dongo Kundu, tukafika pwani ya kusini bila kupanga foleni ya feri ya Likoni katika jua la mchana. Suala la malaria ni la familia, si la kampuni: watoto waliokulia Nairobi hawana kinga dhidi yake, kwa hiyo mwone daktari mapema na mhakikishe kuna vyandarua mtakapolala.

Tuliporudi, amana ilirejeshwa yote. Niliwaandikia kuhusu kiti kisichofaa, wakanirudishia malipo yake na kuahidi kununua viti vya kuwainua watoto wakubwa. Ningewakodi tena, hasa nikihakikishiwa dereva yuleyule, lakini kabla ya kulipa ningewataka wanitumie picha ya kibandiko cha kila kiti, na siku moja kabla ya safari ningekwenda mwenyewe kwenye yadi yao kuvijaribu vikiwa vimefungwa ndani ya gari.