Uzoefu wangu: programu ya ramani isiyojieleza

Programu ya ramani ninayoitumia kwenye simu ina kasoro moja iliyonichosha kiasi cha kuniketisha niandike: haijielezi. Inachora mstari wa buluu, inaandika kwamba hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi, na ukitaka kujua kwa nini, huna wa kumuuliza.

Msimu wa masika uliopita nilikuwa nampeleka mama kliniki Muhimbili tukitokea Sinza, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mkazi wa jiji hili la Dar es Salaam hahitaji kuambiwa mvua ya namna hiyo hufanya nini katika bonde la Msimbazi: Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni humo imekwisha kuingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Nilikusudia kufuata Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nivuke daraja la Salenda, kisha niingie Barabara ya Umoja wa Mataifa hadi hospitali. Programu iling'ang'ania Magomeni, Jangwani na Fire, ikidai kwamba ningeokoa dakika 12. Nilibonyeza kila palipobonyezeka nikitafuta sababu, nisiione. Mama, ambaye huiheshimu simu kuliko anavyoniheshimu mimi, alikata shauri: "Mwanangu, ifuate, huenda imeona tusichokiona."

Magomeni Mapipa tulikuta magari yamesimama, madereva wamezima injini na wengine wameshuka kununua mihogo. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akirudi kutoka mbele, suruali imekunjwa hadi magotini na inachuruzika, aliinama dirishani. "Shikamoo mama. Kaka, geuza tu, huko hapapitiki." Wakati huohuo skrini ilionyesha kwamba mbele yetu barabara ni nyeupe, haina foleni. Kweli haikuwa na foleni, maana hakuna gari lililokuwa likipita majini! Programu za aina hii hukadiria mwendo kwa simu zilizomo ndani ya magari na kwa kumbukumbu za siku zilizopita. Nadhani simu zilipokosekana, ilirudia kumbukumbu ya siku ya jua. Ingeniambia hivyo tu, kwamba haina taarifa mpya za Jangwani, ningeng'amua papo hapo mahali ilipopotoka.

Niliwaandikia watoa huduma wake. Swali langu lilikuwa fupi: kwa nini Jangwani na si Salenda? Nilijibiwa kwamba njia huchaguliwa ili kumpa mteja safari bora, nikashauriwa nizime simu na kuiwasha tena. Nilipouliza mara ya pili, walifunga mazungumzo. Mtu mzima anauliza swali la maana, anajibiwa kama mtoto anayesumbua wageni sebuleni.

Wala wasiseme kwamba jibu ni gumu. Msingi wa hesabu hizi unajulikana tangu mwaka 1959, Mholanzi Edsger Dijkstra alipochapisha kanuni yake ya kutafuta njia fupi kuliko zote: kila kipande cha barabara hupewa gharama, kwa mfano dakika, na njia yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda. Maana yake mashine inazo jumla za njia zote mbili, na inaweza kuonyesha ni kipande kipi kilichozaa zile dakika 12 na makadirio yake yametoka wapi. Jambo hilo linatosha katika sentensi moja chini ya mstari wa buluu.

Nilikuwa nimetoa nyota moja. Baadaye, jioni moja ya foleni mbaya, programu hiyohiyo ilinitoa Mwenge ikanipitisha vichochoro vya Kijitonyama nisivyowahi kuvijua, nikafika Kinondoni kabla ya adhana ya magharibi, nami kwa furaha nikapandisha zikawa nne. Usiku nikitafakari nikaona kwamba hata siku hiyo sikuambiwa sababu, na kwamba sina namna ya kupambanua ushauri wa Kijitonyama na ule wa Jangwani kabla sijafika penye maji. Nimeshusha hadi mbili. Wakiweka ile sentensi moja nitapandisha, ingawa yule aliyefunga mazungumzo bado ananidai hasira.