Vitabu vya picha vya kumzoesha mtoto kuona kwa jicho la mwenzake: kipi kinunuliwe kwanza

Mnunuzi wa vitabu vya namna hii hushawishika kuhesabu nchi zinazoonekana kwenye majalada, ilhali kigezo chenye uzito ni kimoja: je, kitabuni yumo anayejua jambo asilolijua mwenzake, au wamo wanaokiona kitu kimoja kwa namna tofauti?

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza ni ya Handa's Surprise cha Eileen Browne (1994), kinachomhusu msichana wa Kijaluo nchini Kenya anayempelekea rafiki yake Akeyo matunda saba katika kikapu alichojitwika kichwani. Maneno yanaeleza anavyojiuliza ni tunda lipi Akeyo atalipenda zaidi. Picha zinaonyesha tumbili, mbuni, pundamilia na wengine wakichomoa tunda moja moja bila yeye kujua. Msomee mtoto hadi tunda la mwisho lichukuliwe, kisha muulize: "Handa anadhani kikapuni mna nini?" Watoto wengi wa miaka mitatu hujibu kwa wanachokijua wao, kwamba hamna kitu, wanapokaribia miaka minne au mitano ndipo hutenganisha ujuzi wao na wa Handa. Ukinunua nakala ya mtumba, hakikisha hakuna ukurasa uliochanika, kwa kuwa tunda moja likikosekana mtiririko wote huharibika.

Cha pili ni They All Saw a Cat cha Mmarekani Brendan Wenzel (2016), ambamo paka mmoja ni dubwana machoni pa panya na msitu wa manyoya machoni pa kiroboto. Maneno yake ya Kiingereza ni machache, hivyo mzazi anaweza kusimulia kwa Kiswahili bila shida.

Mirror cha Jeannie Baker (2010) nakiweka cha tatu. Kimeunganisha vitabu viwili katika jalada moja, familia ya Sydney upande huu na ya Morocco upande ule, vifunuliwe sambamba. Ni kizuri mno, lakini huhitaji meza na mtoto mtulivu.

Voices in the Park cha Anthony Browne (1998), chenye wasimulizi wanne wa matembezi yale yale, kisubiri hadi miaka saba.

Asiye na bajeti aanzie African Storybook, ambako hadithi zenye picha, zikiwemo za Kiswahili, hupatikana bure mtandaoni na huweza kuchapishwa. Azichuje kwa kigezo kile kile, maana nyingi zina msimulizi mmoja tu.