Daktari wa farasi pale Kongowea, nyota nne

Wenye farasi na punda wa Kisauni mpaka Bamburi hapa Mombasa mnaouliza kila siku daktari gani mzuri, mimi nawapa huyu mwenye agroveti (duka la dawa za mifugo) Kongowea, ukifika sokoni uliza tu daktari wa farasi utaonyeshwa.

Farasi wetu wa bichi alikataa nyasi, akafura chini ya taya, kamasi nzito za njano puani. Daktari wa kwanza (sio huyu) hata homa hakupima, kashadunga penisilini na mkono anaunyoosha alipwe. Huyu wa Kongowea alitoa kipimajoto kwanza, 40, kisha akabonyeza lile jipu taratibu kwa kidole akitafuta palipolainika, akasema ni streptokoka ya farasi, bakteria wa kuambukiza wanaotia majipu kooni, na jipu bado halijaiva, tulikande maji moto atarudi kulipasua. Na alirudi kweli bila kukumbushwa! Usaha ulimwagika, harufu usiniulize, akasafisha kwa ayodini, mwengine akautia kichupani kupeleka maabara. Sindano hakudunga, alisema jipu likishafika hapo dawa haipenyi vizuri kwenye usaha, na farasi mwenyewe anakula, lau angekuwa anakoroma pumzi zinambana hapo ni hadithi nyengine.

Halafu mkali huyo kwa vijana wa zizini! Kila farasi na ndoo yake, anayemhudumia mgonjwa asiguse wazima, na wazima wapimwe homa kila siku kwa sababu homa hutangulia siku moja mbili kabla farasi hajaanza kuambukiza wenzake, ukiiwahi unamtenga hajagawa kitu. Walinuna wee, maana msimu wa watalii farasi akilala zizini ni hasara. Tena akasema hata akipona asirudishwe bichi mpaka apimwe, kuna wanaobaki na bakteria kwenye vifuko vya koo miezi na miezi na ukiwatazama wazima kabisa.

Wenye ng'ombe, dawa za ugonjwa wa kiwele za kutia chuchuni anazo, ila kijana wa kaunta atakuuliza kwanza kama maziwa yamepimwa, na atakwambia siku ngapi usiyauze. Wengine huona ni usumbufu, mimi naona ndio duka hilo.

Nyota moja nimekata kwa simu, mchana haishikwi kabisa, na nauli ya bodaboda yake ni juu yako hata ukiwa hapo Bombolulu. Risiti mpaka uombe. Jumapili hafungui, kwa hivyo mtafute Jumamosi asubuhi mapema.