Patterns (1955): tamthilia iliyochezwa upya kwa sifa za wahakiki

Tamthilia za televisheni za miaka ya mwanzo zilikuwa na umri mfupi kuliko gazeti: waigizaji walicheza mbashara studioni, saa ikaisha, na kazi ya majuma kadhaa ikatoweka hewani. Patterns, iliyoandikwa na Rod Serling na kuongozwa na Fielder Cook kwa ajili ya Kraft Television Theatre, kipindi cha tamthilia cha NBC, shirika la utangazaji la Marekani, ilionyeshwa kwa mtindo huohuo Jumatano ya tarehe 12 Januari 1955. Jack Gould, mhakiki wa New York Times, aliihesabu miongoni mwa kazi bora kabisa ambazo televisheni ilikuwa imezaa, akasifu nguvu ya masimulizi, wahusika na kilele chake, na akataka irudiwe bila kuchelewa. Kwa kuwa mikanda ya video ilikuwa bado haijaingia katika utangazaji, kurudia kulimaanisha kucheza upya. Tarehe 9 Februari waigizaji waliingia tena studioni wakaianza tangu neno la kwanza.

Serling alikuwa na umri wa miaka 30, na maandishi yake zaidi ya 70 yalikuwa yamekwisha kununuliwa bila jina lake kuvuma. Patterns ndiyo iliyomtoa gizani na kumpatia tuzo yake ya kwanza ya Emmy, tuzo kuu ya televisheni ya Marekani.

Nakala iliyosalia ilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, kwa hiyo picha ina ukungu na nyuso zilizo mbali hazisomeki vizuri. Hilo husahaulika mara tu Ed Begley anapoanza kuigiza. Yeye ni Andy Sloane, makamu wa rais wa kampuni kubwa jijini New York, mzee ambaye bado anawafikiria wafanyakazi wa chini. Bosi wake, Ramsey, anayeigizwa na Everett Sloane, hamfukuzi kazi, anamwekea mizengwe. Anamleta kijana Fred Staples (Richard Kiley) kutoka Ohio, kisha anamsifu kijana huyo peke yake kwa ripoti ambayo wawili hao waliiandika pamoja, na katika mikutano anamdhalilisha mzee mbele ya wenzake ili aandike mwenyewe barua ya kujiuzulu. Aliyewahi kufanya kazi ofisini anaijua mbinu hiyo, hata kama hajaitendewa yeye. Begley hapigi makelele. Anajaribu kucheka, sauti inakwama, na aibu ile inamfikia mtazamaji kabla ya moyo wa mzee kushindwa.

Gould alikuwa sahihi kuhusu masimulizi na wahusika. Kuhusu kilele, mimi nina shaka. Baada ya kifo cha Andy, Staples anamwendea Ramsey akiwa amekusudia kuacha kazi, lakini anaondoka akiwa amekubali kubaki, kwa ahadi ya kupambana naye na kuitaka nafasi yake. Maneno yanachoma na Kiley anayasema kwa hasira ya kweli, ila mishahara na vyeo vinabaki pale pale, na Ramsey ndiye aliyepata alichokitaka. Huenda Serling alikusudia tuondoke na kero hiyo. Hata hivyo tamthilia inamtazama Staples kama mshindi, na hapo ndipo ninapokwama.

Mwaka 1956 Cook aliitengeneza kuwa filamu, Begley na Everett Sloane wakabaki katika nafasi zao, na Van Heflin akachukua ya Kiley. Filamu ni safi zaidi kwa macho, lakini ufinyu wa studio uliifaa zaidi hadithi ya watu waliobanwa katika ofisi. Tamthilia yenyewe imo katika mkusanyo wa DVD uliotolewa na kampuni ya Criterion mwaka 2009. Ningeshauri itazamwe kabla ya filamu, kwa sababu Heflin anaonekana mtu mzima aliyekwisha kuzijua njia za wakubwa, ilhali Kiley anaonekana kijana asiyejua anapelekwa wapi.